Alama 121 kwenye Mkia wa Ndege

Imperial War Museum ya London inahifadhi pezi la mkia wa ndege ya Kijerumani aina ya Messerschmitt Bf 110. Pezi jingine la rubani huyohuyo lilivuka bahari hadi Canberra, kwenye Australian War Memorial. Lile la London limechorwa alama 121. Kila alama ni ndege moja ya Waingereza iliyoangushwa, na zote ziliangushwa usiku. Rubani aliitwa Heinz-Wolfgang Schnaufer, na hakuna rubani mwingine wa ndege za kivita za usiku, wa upande wowote na wa vita vyovyote, aliyefikisha hesabu hiyo.

Mtazamaji huhesabu alama, husoma jina, kisha hupita kwenda kutazama kifaru. Mtafiti hawezi kupita. Ndege ya mabomu aina ya Lancaster au Halifax ilibeba watu saba kwa kawaida, kwa hiyo alama 121 ni zaidi ya watu 800, kila mmoja na mama yake, na wengi wakiwa na wachumba au watoto wachanga. Wapo waliookoka kwa miavuli wakaishia kambi za wafungwa. Wachache walifichwa na wakulima wa Ubelgiji na Uholanzi, wakapitishwa kwa siri hadi Uhispania na mitandao kama Comète, uliopangwa na msichana wa Kibelgiji, Andrée de Jongh. Walio wengi walikufa. Ndiyo maana kumbukumbu ya mapigano ya kundi moja la wanaanga wa Kijerumani haiwezi kuandikwa bila kuandika pia kumbukumbu za makundi mengine mia na zaidi, na wanaoziandika leo mara nyingi ni wajukuu.

Schnaufer alizaliwa tarehe 16 Februari 1922 huko Calw, mji mdogo kando ya mto Nagold kwenye ukingo wa Msitu Mweusi, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Wasomaji wa vitabu wanaufahamu kwa sababu nyingine: mwandishi Hermann Hesse alizaliwa hapohapo mwaka 1877. Baba yake Schnaufer alikuwa na biashara ya mvinyo. Kijana alikuwa hodari darasani, akapelekwa katika shule maalumu za utawala wa Wanazi, kwanza Backnang, kisha Potsdam. Zilikuwa shule za kulea viongozi wa kesho wa utawala huo, na hilo halifai kufichwa kama wanavyofanya baadhi ya waandishi wanaotaka shujaa safi asiye na siasa. Alilelewa na mfumo ule, akautumikia hadi siku ya mwisho, na nishani yake kubwa kuliko zote ilitoka kwa Hitler.

Novemba 1941 alijiunga na NJG 1, kikosi cha ndege za kivita za usiku. Hapo tayari alikuwa na Fritz Rumpelhardt, mwendesha redio wake, na bila mtu huyu hadithi yote haielezeki.

Katika giza rubani hakuona kitu. Mfumo wa mwanzo wa Wajerumani uligawa anga katika visanduku, kuanzia Denmark hadi Ufaransa. Kila kisanduku kilikuwa na rada aina ya Freya iliyoona mbali na rada mbili za Würzburg zilizoona karibu: moja ilifuata ndege ya adui, nyingine ndege ya Kijerumani. Ofisa aliye chini alitazama alama mbili zikisogea juu ya meza ya kioo, akamwambia rubani kwa redio apinde wapi na apande kiasi gani. Baadaye ndege zilifungwa rada zao wenyewe, Lichtenstein, zenye matawi ya antena puani. Rumpelhardt ndiye aliyekaa amegeuka kwenye viwambo vidogo, akisoma mawimbi ya kijani yanayotetemeka na kuyageuza maneno: kushoto kidogo, juu zaidi, punguza mwendo, mita 400, mita 300. Rubani aliona umbo jeusi dakika ya mwisho tu, nalo likiwa tayari juu ya kichwa chake.

Mtu wa tatu alikuja baadaye. Wilhelm Gänsler alikuwa mpiga bunduki wa nyuma, naye aliwahi kuruka na Ludwig Becker, mmoja wa waasisi wa mbinu za mapigano ya usiku. Becker aliuawa Februari 1943, katika safari yake ya kwanza ya mapigano ya mchana. Gänsler alisifiwa kwa macho yake. Wapo watu wanaoona gizani pale wengine wanapoona ukuta mweusi, naye alikuwa wa namna hiyo. Katika ushindi 121 wa Schnaufer, Rumpelhardt alikuwemo ndani ya ndege katika 100 na Gänsler katika 98. Wote watatu walipewa nishani ya Msalaba wa Kishujaa, na hawakuwa na wenzao katika ndege za usiku za Ujerumani: katika makundi mengine yote alipambwa rubani tu, au rubani na mmoja wa wenzake. Hata hivyo pezi la mkia linatajwa kwa jina la mtu mmoja.

Usiku wao wa kwanza wa damu ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 2 Juni 1942. Waingereza walikuwa wakipeleka karibu ndege elfu moja Essen. Schnaufer na Rumpelhardt waliangusha Halifax moja, ikaanguka karibu na Grez-Doiceau, kusini mwa Louvain nchini Ubelgiji. Wakaingiwa na tamaa, wakafuata ya pili. Mpiga bunduki wa ndege ile hakuwa amelala. Risasi zilimpata Schnaufer mguuni na kukata nyaya za usukani. Angeweza kuruka na mwavuli, lakini aliirudisha ndege hadi uwanja wa Saint-Trond, kisha akalazwa hospitali wiki kadhaa. Mtafiti wa leo akitaka kujua ni nani waliokuwa katika ndege ile ya pili anaingia kwenye kazi ngumu, kwa sababu waliookoka waliandika tu kwamba walishambuliwa na kumfukuza adui. Hawakujua wamempiga nani, na walikuwa wamekaribia kufuta alama 120 za baadaye.

Kazi yenyewe ya utafiti huanza na karatasi, na karatasi ziko pande mbili. Kule Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kuna madaftari ya kila kikosi yaliyoandikwa kwa taipureta na makarani wa uwanjani. Humo mna jina la rubani, namba ya ndege, saa ya kuondoka, aina ya mabomu, na kwenye safu ya kurudi maneno machache tu, kwamba hakuna habari yoyote iliyopokelewa tangu ndege ipae. Kwa upande wa Wajerumani hali ni mbaya zaidi, maana wenyewe walichoma nyaraka nyingi za jeshi lao la anga mwaka 1945. Kilichobaki ni vitabu binafsi vya safari walivyotunza baadhi ya wanaanga majumbani, na orodha za tume iliyothibitisha madai ya marubani, zilizohifadhiwa kwenye filamu ndogo. Humo mna saa, mahali, aina ya ndege na kimo.

Hapo ndipo kufananisha kunapoanza. Rubani wa Kijerumani anadai ameangusha Lancaster saa fulani karibu na kijiji fulani. Waingereza usiku ule walipoteza ndege ishirini na kitu. Mtafiti anatafuta ipi ilianguka karibu na kijiji kile, na humo anasaidiwa na makaburi, kwani wanakijiji waliwazika wafu pale walipoanguka, na padri au karani wa manispaa aliandika tarehe. Madai ya usiku yana nafuu moja ambayo ya mchana hayana. Ndege nyingi ziliangukia ardhi iliyokaliwa na Wajerumani, kwa hiyo mabaki yalikuwepo, na mtu aliweza kwenda asubuhi kuyahesabu. Shida hujitokeza kwa zile zilizotumbukia Bahari ya Kaskazini, au pale marubani wawili walipodai moto uleule uliowaka mawinguni, au mizinga ya ardhini ilipodai kuwa yenyewe ndiyo iliyopiga. Theo Boiten, mwanahistoria wa Kiholanzi, ameijaza kazi hii juzuu kwa juzuu, usiku baada ya usiku, akigawa na kugawa upya ushindi ambao marubani wenyewe walikufa wakiamini ni wao. Kwa Schnaufer, aliyeitwa mzuka wa Saint-Trond, maisha yake yaliandikwa na Peter Hinchliffe, Mwingereza aliyekuwa nevigeta katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita. Ina maana yake kwamba aliyemwandika kwa kina alitoka upande uliokuwa ukiwindwa.

Usiku wa tarehe 16 Desemba 1943 unaonyesha vizuri namna pande mbili zinavyokutana kwenye karatasi. Lancaster karibu 500 zilikuwa zikienda Berlin. Ukungu ulifunika viwanja vya Wajerumani kiasi kwamba marubani wengi hawakuruhusiwa kupaa. Schnaufer alipaa kutoka Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi. Akaangusha Lancaster nne juu ya mkoa wa Friesland, kisha tatizo likawa kutua. Uwanja haukuonekana. Sauti za watu wa chini na masikio ya Rumpelhardt ndivyo vilivyowashusha. Upande wa pili, Waingereza walipoteza Lancaster 25 njiani na juu ya Berlin, na walipofika kwao wakaukuta ukungu uleule: Lancaster nyingine 29 zilianguka au zikaachwa na watu wake walioruka kwa miavuli karibu na nyumbani. Waingereza wanaukumbuka usiku ule kama Alhamisi Nyeusi. Familia ya Kiingereza inayotafuta habari za babu aliyekufa usiku huo lazima kwanza ijue kama aliuawa na Mjerumani au na hali ya hewa, na telegramu iliyofika nyumbani haikuwa na maelezo hayo.

Kuna wakati kundi hili lilikuwa katika upande wa kuwindwa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1943, Waingereza walipiga kituo cha makombora cha Peenemünde, na ndege kadhaa za Kijerumani zilipaa kutoka Leeuwarden. Injini ya Schnaufer ilipata hitilafu akarudi. Wenzake walioendelea walikutana na Bob Braham, rubani wa Kiingereza wa ndege aina ya Beaufighter, ambayo chombo chake kilifuata mawimbi ya rada za Wajerumani zenyewe. Georg Kraft aliuawa. Heinz Vinke alipoteza wenzake wote wawili na kuelea baharini karibu saa 18 kabla ya kuokolewa. Je, ingekuwaje kama injini ya Schnaufer isingekorofisha? Wanahistoria hawapendi maswali ya namna hii, nami nawaelewa, lakini kila anayesoma orodha ile ya usiku huo huuliza.

Wiki chache kabla ya hapo Waingereza walikuwa wameuvunja mfumo wa visanduku. Julai 1943, juu ya Hamburg, walimwaga vipande vingi mno vya karatasi ya alumini, rada zikajaa theluji ya uongo. Mabomu ya siku zile yaliua makumi ya maelfu ya watu wa mji huo. Wajerumani wakaleta rada mpya, SN-2, na mizinga iliyofungwa kuelekea juu mgongoni mwa ndege, ili rubani ajipenyeze chini ya tumbo la Lancaster, mahali pasipo na macho wala bunduki, na kupiga tangi la mafuta la bawa. Ndege nyingi ziliwaka bila waliomo kujua moto umetoka wapi. Ndiyo sababu barua za waliookoka zinazungumzia mizinga ya ardhini: hawakuona ndege. Mtafiti akiziamini barua hizo peke yake atapotea.

Kilele cha kutisha kilikuja tarehe 21 Februari 1945, wakati Ujerumani ilikuwa imekwisha shindwa na kila mwenye akili timamu alijua. Alfajiri kabla ya mapambazuko Schnaufer aliangusha Lancaster mbili. Usiku wa siku hiyohiyo, kati ya saa mbili na dakika 44 na saa tatu na dakika 3, aliangusha saba. Dakika 19. Hesabu ile ya watu saba kwa kila ndege inampa mtafiti wanaume 60 na zaidi katika siku moja, wa rubani mmoja. Siku mbili baadaye, tarehe 23 Februari, Waingereza walipiga Pforzheim, mji usio mbali, kaskazini mwa Calw kwao Schnaufer. Watu zaidi ya 17,000 walikufa katika shambulio la chini ya nusu saa. Nimeona vitabu vinavyotaja tukio la kwanza bila la pili, na vingine vinavyotaja la pili bila la kwanza, kutegemea mwandishi anatoka wapi.

Si kila ndege ya Waingereza ilikamatika. Mosquito, iliyoundwa kwa mbao, ilikuwa na mwendo ambao Bf 110 yenye antena puani haikuufikia. Mmoja wa manevigeta wa Mosquito aliyeruka Ujerumani mara 80 katika kikosi cha 139 alikuwa Ulric Cross wa Trinidad. Baada ya vita akawa mwanasheria, na kati ya 1967 na 1971 alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania na mwenyekiti wa Mahakama ya Kudumu ya Kazi. Wanasheria wa Dar es Salaam walisimama mbele ya mtu ambaye vikosi vya kina Schnaufer vilikuwa vimemtafuta angani usiku baada ya usiku.

Vita vilipoisha, kundi la Schnaufer lilikuwa Eggebek, karibu na mpaka wa Denmark. Maofisa wa Kiingereza walimfuata huko kwa maswali, kwa kuwa walitaka kujua kwa nini walikuwa wamepoteza watu wengi kiasi kile. Kati ya watu wapatao 125,000 walioruka na Bomber Command, jeshi la ndege za mabomu la Waingereza, zaidi ya 55,000 waliuawa. Ndege yake ilichukuliwa na kuonyeshwa kwa umma Hyde Park, London. Yeye aliachiliwa, akarudi Calw kuendesha biashara ya mvinyo ya familia, kwani baba alikuwa amefariki mwaka 1940. Tarehe 13 Julai 1950, akiwa safarini kibiashara, gari lake liligongana na lori lililobeba mitungi mitupu ya gesi katika barabara ya kusini mwa Bordeaux, Ufaransa. Alifariki hospitalini siku mbili baadaye, na umri wake ulikuwa miaka 28. Alizikwa Calw.

Kwa hiyo kumbukumbu ya mapigano iliachwa mikononi mwa wenzake wawili na jamaa zake. Na hapa familia za Kijerumani zina mzigo ambao familia za Kiingereza hazina. Mjukuu wa Mwingereza aliyekufa juu ya Friesland anaweza kuning'iniza picha ya babu sebuleni. Mjukuu wa mwanaanga wa Kijerumani anakuta sandukuni kitabu cha safari, nishani yenye msalaba na alama ya utawala ule, na karatasi za pongezi zenye sahihi za watu waliohukumiwa. Wengine huvipeleka kwa watafiti. Wengine huviuza kwa wakusanyaji, na hapo historia hupotea kwa kasi, kwa sababu kitabu kikikatwa kurasa ili kiuzwe vipande vipande hakifananishwi tena na chochote. Napendelea mjukuu wa kwanza, hata kama anaona aibu. Aibu haizuii kutoa nakala.

Upande wa washindi kulikuwa na kitengo maalumu, Missing Research and Enquiry Service, kilichotumwa Ulaya baada ya vita kuwatafuta wanaanga zaidi ya 40,000 waliokuwa hawajulikani walipo. Maofisa wake waliingia kijiji kwa kijiji, wakawauliza wachimba makaburi, wakafukua, wakasoma alama za dobi ndani ya kola za mashati na namba za injini zilizopotoka. Waliopatikana walipewa jiwe lenye jina. Waliokosekana, zaidi ya 20,000, wameandikwa kwenye kuta za mnara wa kumbukumbu wa Runnymede kando ya mto Thames, uliofunguliwa mwaka 1953. Ukitazama ukuta ule pamoja na orodha za madai ya Wajerumani, unaona kwamba baadhi ya majina yale yana jibu, saa na mahali, lakini mwili haupo.

Uholanzi imeamua kutoishia kwenye karatasi. Serikali yake ina mpango wa kitaifa wa kutoa mabaki ya ndege ambamo kuna matumaini ya kupata miili. Mwaka 2008 boti ya uokoaji iliinua kipande cha chuma katika ziwa Markermeer, na kwa miaka kadhaa ilidhaniwa ni mabaki ya ndege aina ya Stirling yenye namba BK710. Kisha wapiga mbizi walipata kasha la sigara lenye herufi za mwanzo za jina la mwenyewe, na herufi zile hazikulingana na za mtu yeyote wa BK710. Zililingana na za mmoja wa watu saba wa Stirling nyingine, BK716, iliyopotea usiku wa kuamkia tarehe 30 Machi 1943 ikitoka Berlin. Mabaki yalitolewa ziwani mwaka 2020, na mnara wa kumbukumbu ukajengwa Almere kwa ajili ya wote saba. Rubani wa Kijerumani aliyeangusha ndege hiyo alikuwa Werner Rapp wa NJG 1, kikosi alichokuwemo Schnaufer. Dai lake lilikuwa kwenye orodha tangu 1943, likisubiri mtu apate namba sahihi ya ndege.